Godoro la Kapteni

Ipo siku moja ya kambini Beni, mwanangu Kasereka, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nimekaa nayo miaka yote hii kama mtu anavyokaa na jino bovu: linatulia, unasahau, kisha siku moja unatafuna upande ule. Juzi uliponipigia simu ukaniomba nikutafutie nyumba hapa Butembo, mtaani kwetu Vulamba, kimyakimya, ili mkeo na mtoto wahame Beni pamoja na vyombo bila askari wako hata mmoja kujua, lile jino likaamka. Nilikwambia nipe siku nifikiri. Nimefikiri, ndiyo maana nimekupigia. Sasa keti unisikilize, na usinikatize kama unavyopenda, eti mama, mambo ya leo si kama ya zamani. Mambo ya leo nayajua, nanunua nayo mboga sokoni kila asubuhi.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa askari tangu ndevu zake hazijaota mpaka zilipoota mvi. Jeshi lilibadilisha jina, likabadilisha bendera, makamanda wakaja na kuondoka, yeye akabaki. Siku ya mazishi yake ulisikia walivyomsifu: meja fulani, mtu wa nidhamu, mtu wa nchi. Nilikuwa nimekaa pale mbele na kitambaa changu nikisema moyoni, hawa wanamsifu mtu wa gwanda tu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilimjua mtu ambaye kila Jumamosi alikunja mikono ya gwanda akawaogesha kaka zako Paluku na Kambale nyuma ya nyumba, na askari wakipita wakapiga saluti, aliwajibu kwa mkono wenye povu. Alipiga viatu vya shule vya watoto rangi pamoja na buti zake, vyote kwenye mstari mmoja. Wenzake walimcheka. Alikuwa anacheka nao na kuendelea kusugua.

Usidhani kwetu walimpenda. Sisi Wanande, mtu wa maana kwetu ni mfanyabiashara, au mwalimu, au mchungaji. Soda, yaani askari, ni mtu anayekuja kula kuku za watu. Baba yangu alizipokea mbuzi za mahari, ila uso aliugeuzia ukutani, na shangazi zangu walinililia kama wanaonizika. Niliolewa nikaenda kambini, na kambini nikakuta watu.

Katika miaka ile vita vilisogea Beni kutoka upande wa msitu. Sitakutajia nani alikuwa anapigana na nani. Majina yalikuwa mengi na karibu yote yamesahauliwa, waliobaki ni wafu wetu. Baba yako alikuwa kapteni, na kombania yake ilipewa kulinda njia moja ya kuingilia mji. Nyuma yao kulikuwa na soko, makanisa, shule, na watu ambao hawakuwa na pa kukimbilia. Sisi wanawake na watoto tuliishi kambini, nyuma kidogo ya mahandaki, mahali ambapo mtu wa handakini akiita unamsikia. Ndivyo jeshi letu lilivyo hadi leo. Soda anakwenda vitani na mke wake na masufuria yake, kwa sababu hana pengine pa kumwacha.

Na kambi ina macho, mwanangu. Askari wa handakini hana redio, na kamanda hamwambii kila kitu. Kwa hiyo anatazama nyumba ya kamanda. Akiona moshi unatoka jikoni asubuhi, anajua leo bado tupo. Akiona nguo za watoto wa kamanda zimeanikwa, anashusha pumzi. Lakini akiona godoro la kamanda linapandishwa kwenye gari, hahitaji kuambiwa neno. Muda mfupi kabla ya siku ninayokusimulia, kamanda wa kombania jirani alimpeleka mkewe kwao, akasema anaenda kusalimia tu. Mke yule alikwenda kusalimia na godoro, na viti, na hata kuku zake. Kabla jua halijazama askari wa pale walikuwa wamevua magwanda na kuyatupa kwenye migomba, na kijiji walichokuwa wanakilinda kikabaki wazi. Yaliyowapata watu wa kijiji kile sina haja ya kukusimulia. Wewe mwenyewe umeyaona ya aina hiyo.

Basi dada yako Masika akaugua. Alikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, lakini ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko yeye. Alikuwa anasimama juu ya jiwe na kuwapigia askari amri za gwaride, kwa sauti ya baba yake kabisa, na wale watu wazima wenye bunduki wanageuka kulia na kushoto huku wakicheka. Homa ilimshika ghafla. Zahanati ya kambi ilikuwa imebaki na bandeji na maneno ya kutia moyo. Muuguzi akamwambia baba yako kwamba malaria inaanza kupanda kichwani, mtoto apelekwe hospitali Butembo bila kuchelewa.

Baba yako alituma neno kwa mjomba wako Mumbere, aliyekuwa anafanya biashara ya maharage na viazi. Mumbere alifika asubuhi na kamioneti yake. Mimi nilidhani ninapakia mtoto na nguo zake. Baba yako akaniambia nifunge kila kitu, na wavulana waje, na nisirudi mpaka mambo yatulie. Watu wakiuliza, niseme tunaenda kusalimia. Alilifunga godoro yeye mwenyewe kwa kamba. Mtu yule aliyekuwa anafungua na kufunga bunduki akiwa anaongea mambo mengine, siku ile fundo lilimshinda, akalirudia na kulirudia. Alikuwa baba kuliko alivyokuwa kapteni, na kwa hilo simlaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Hapo ndipo alipoingia Mama Ajida. Huyu hukumwahi, kwa hiyo nikueleze. Alikuwa mjane wa ajida mmoja wa zamani, cheo kinachompita sajenti, mtu wa mbali sana, kutoka kule ambako mto mkubwa unapita. Alifuata jeshi na mumewe tangu usichana, akamzika mumewe katika safari hizo, na hakuwa na mahali pa kurudi, akabaki kambini akikaanga mikate ya mafuta na kuwauzia askari. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kilingala, na alikuwa hamwogopi mtu yeyote mwenye nyota begani, kwa sababu wengi wao aliwaona wakiwa wanalilia chakula. Alikuja kuomba makaa ya moto. Akaliona godoro limeviringishwa mlangoni. Hakuniuliza kitu. Alikwenda akalikalia.

Mwanangu, kwetu na kwao ni kitu kimoja: mama mzee akishaketi, nani atamnyanyua? Mumbere alikuwa barabarani ananguruma na gari lake. Mimi nilimwomba anipishe, akaniambia miguu inamuuma. Nilipoona hivyo nikamwita baba yako. Alikuja haraka, akamkuta mwanamke yule ametulia juu ya godoro lake, mikono magotini, kama mtu anayengoja ibada ianze.

"Mama, simama kidogo," akamwambia. "Tunapakia. Mutoto iko mugonjwa."

"Najua iko mugonjwa. Mutoto ya kaporali iko mugonjwa vilevile. Bibi ya sajenti iko karibu kuzala, na damu inatoka. Weye hukuyaona?"

Baba yako akatazama upande wa nyumba za askari.

"Batoto banaendaka kusalimia koko yao, ni sawa," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Lakini matela, mwana na ngai, matela haiendake kusalimia mutu. Basoda yako bako na macho. Tangu lini papa anafunga mulango ndiyo akule?"

Baba yako alimuuliza anataka afanye nini. Nakumbuka alivyouliza, hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto anayejua jibu na anatumaini ataambiwa jingine.

"Mimi niko mwanamuke wa mikate tu," akasema Mama Ajida. "Lakini kama ile gari iko na nafasi ya matela, iko na nafasi ya batu."

Wanasema mkubwa ni jalala, kila uchafu hutupwa kwake. Siku ile nilimwona baba yako akitupiwa ukweli, ambao ni mzito kuliko uchafu. Kisha akavaa kofia yake, akatoka, akawakusanya askari wote ambao hawakuwa handakini. Mimi nilisimama mlangoni na Masika mgongoni, anawaka kama jiwe la jikoni. Akawaambia waziwazi. Mtoto wake ana homa ya kichwa, anampeleka Butembo. Gari ni la shemeji yake. Mwenye mtoto mgonjwa amlete sasa, mwenye mke anayekaribia kujifungua amlete. Hakuna atakayeulizwa cheo. Halafu akamaliza kwa maneno haya:

"Bibi yangu na bavulana banabaki hapa. Godoro yangu inabaki."

Hakuwa ameniuliza. Nakwambia hivyo leo nikiwa na akili zangu timamu, na naweza kulisema mbele ya kaburi lake: hakuwa ameniuliza. Alikuja kutoka kwenye mkutano ule na uso wa mtu aliyekwisha kata shauri, akamtoa Masika mgongoni mwangu, akampakata, akaenda naye garini huku askari wote wanatazama. Akamkabidhi kwa mke wa kaporali, ambaye alikuwa tayari ameketi na mtoto wake. Mke wa sajenti alilazwa kwenye magunia. Watoto wengine walipangwa katikati. Gari likaondoka nami bado nimesimama na kitenge kimelegea mgongoni.

Mama Ajida ndiye aliyenifunga kile kitenge vizuri. Akamgeukia baba yako na kumwambia kwamba yeye alisema afungue mlango, hakusema amnyime mtoto mama yake. Maonyo ya mzee ni dawa, mwanangu, na dawa ina kipimo. Baba yako aliinywa chupa nzima. Lakini gari lilikwisha kuzama kwenye vumbi, na hapakuwa na jingine.

Unaijua njia ya Beni kwenda Butembo ilivyo leo. Wakati ule ilikuwa mbaya zaidi, na mvua ilinyesha mbele yao. Mumbere aliniambia baadaye kwamba gari lingepita kilima kile cha matope kama lingekuwa na familia moja na vyombo vyake. Kwa uzito ule lilizama. Wanawake walishuka kusukuma, wengine na watoto mgongoni, mpaka wakapata watu wa kuwasaidia. Walifika hospitali giza limeingia, na Masika alikuwa amekwisha kupata degedege njiani. Daktari alifanya kazi yake. Alisema tu kwamba wangefika mchana, habari ingekuwa nyingine.

Siku zilizofuata tulishambuliwa. Sipendi kuisimulia milio ile. Wako vijana wazuri walioanguka pale, nawakumbuka kwa majina na huwa nawataja katika maombi. Lakini kombania haikukimbia, na mji haukuingiliwa. Jumamosi mama zako wadogo walikwenda sokoni Beni kununua makayabo, samaki wale wa chumvi, kama kawaida, wakilalamika bei. Hawakujua lolote. Kaporali yule ambaye mtoto wake alipanda gari aliniambia baadaye kwamba kila alfajiri aligeuza shingo kutazama moshi wangu. Aliniambia hivyo kama zawadi. Nilimshukuru, kisha nikaingia ndani nikalia, kwa sababu kila alfajiri niliwasha ule moto kwa hasira.

Habari za Masika tulizipata kwa fonia ya misheni. Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi hamjui fonia. Ilikuwa redio ya kanisa. Unabonyeza, unasema, unaachia, unangoja, na wote walio nyuma yako kwenye mstari wanausikia msiba wako kabla hujaumeza. Baba yako alipanga mstari kama watu wengine, buti zina matope. Sauti ya Mumbere ikaja imejaa mikwaruzo.

"Mama Paluku, mutoto iko muzima. Homa imeisha, anakula. Lakini hasikie tena. Daktari anasema masikio haitarudi. Nakusikiliza."

Baba yako akakichukua kile kidude mkononi mwangu, akabonyeza. "Mumbere, umuambie papa yake anamu..." Akaishia hapo. Akakiachia kidude. Alikuwa ameelewa kwamba hakuna tena wa kuambiwa. Watu kwenye mstari walitupisha njia, na mama mmoja nisiyemjua alinishika bega mpaka nje.

Sasa nataka ujue baba yako alikuwa mtu wa namna gani baada ya hapo, kwa sababu sehemu hiyo hakuna aliyeisoma makaburini. Masika aliingia shule ya viziwi hapa Butembo. Kila baba yako alipopata ruhusa, siku ambazo wenzake walikwenda kunywa kasikisi na kusahau, yeye alikwenda shuleni. Aliketi kwenye benchi la watoto, magoti yanafika kidevuni, na gwanda lake, akijifunza kusema kwa mikono pamoja na watoto wa darasa la kwanza. Mwalimu alimkemea kama anavyowakemea wao, maana vidole vyake vilikuwa vigumu. Alijifunza mpaka akamshinda Paluku, akamshinda Kambale, akanishinda mimi. Likizo za shule Masika alipokuja kambini, walizungumza kutoka upande huu wa uwanja hadi ule, na askari wapya waliogopa wakidhani ni ishara za vita. Alikuwa anamwuliza tu kama amekula.

Pale tulipohamishiwa, tulikwenda. Kasugho, kisha kwingine, kisha kwingine tena. Wewe ulizaliwa katikati ya mahamisho hayo. Na mimi, mwanangu, nilikuwa mke mwema wa nje. Nilipika, nilifua, nilikuzaa wewe nikafurahi. Lakini kuna mlango ndani yangu nilikuwa nimeufunga, na baba yako alikuwa anapita mbele yake kila siku, anauona, habishi hodi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Watu walisema ndoa ya meja ni mfano kanisani. Nami nilikuwa naitikia amina.

Ukaja wakati wa Masika kuolewa. Unakumbuka, ulikuwa mvulana wa kukimbiza mbuzi uani. Desturi yetu unaijua: binti haondoki kwa wazazi wake na neno moyoni. Siku moja kabla wakwe hawajaja, mchana, baba yako alimwita sebuleni, na mimi nikiwepo. Alikuwa amekwisha kustaafu. Alivaa suti yake ya kanisani. Akaanza kumwambia kwa mikono, na kwa sauti pia, kwa ajili yangu nadhani. Akamsimulia siku ile yote, godoro, Mama Ajida, gari, matope. Masika hakuwa anaijua. Alikuwa anajua aliugua, basi. Baba yako akamwambia: nilikupanga pamoja na watoto wa wengine, nawe ndiwe uliyelipa. Kama nina kosa kwako, niambie kabla hujatoka katika nyumba hii.

Masika akauliza kwa mikono: wale wengine walipona?

Baba yako akajibu: wote. Na mke wa sajenti alijifungua salama.

Masika akafikiri, akaitikia kwa kichwa. Akasema, basi ilikuwa haki mimi kupanda pamoja nao. Nikamwona baba yako mabega yanashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Lakini dada yako hakuwa amemaliza. Akaninyoshea mimi kidole, na kwa mikono akamwuliza baba yake: na mama, ulimwuliza?

Mikono ya baba yako ilibaki hewani. Miaka yote ile hakuna mtu aliyemwuliza swali lile, hata mimi mwenyewe. Akanigeukia. Aliongea nami kwa mdomo, taratibu, kwa lugha tuliyokuwa tunaongea nyumbani.

"Mama Paluku, nilikosa kukuuliza. Nakuuliza leo. Ungekubali?"

Nilidhani siku nikiulizwa nitapiga kelele. Nilikuwa nimeyaandaa maneno makali miaka mingi, nayajua kwa moyo kama zaburi. Hayakuja. Nikaona wale watoto kwenye magunia. Nikamwona mke wa sajenti.

"Ningekubali, Papa Paluku," nikamwambia. "Lakini kama ungeniuliza, ningemushika kwanza, nimuimbie. Alikuwa angali anasikia."

Baba yako aliketi chini sakafuni na suti yake, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipozika askari wake. Nami nilishuka nikaketi naye, na ule mlango niliokuambia ukafunguka wenyewe, bila mtu kuusukuma. Masika alitupangusa nyuso zetu wote wawili kwa kanga moja. Hakusikia nilichosema, na mpaka leo hakuna aliyemfasiria.

Sasa, Kasereka, shauri langu ni hili. Mimi sikwambii mkeo abaki Beni. Siwezi kumwambia mama yeyote abaki mahali ambapo watu wanachinjwa mashambani, na anayesema hivyo akiwa ameketi kwenye kiti Butembo ni mnafiki. Mkeo ana haki ya kuogopa, na wewe una haki ya kuwa baba. Lakini usiwatendee wako kwa siri jambo ambalo huwezi kuwatendea wa wengine hadharani. Askari wako pale Ruwenzori, huko Beni, wana wake, wana watoto, wana homa kama sisi. Kama unaona ni wakati wa watoto kuondoka, simama mbele ya watu wako uwaambie kwa mdomo wako, kisha tafuta gari kubwa. Ukitafuta, utapata. Kanisani kwetu wapo wenye malori, na nimekwisha kuongea na mchungaji, nadhani hutakasirika. Wakifika hapa, Vulamba ina nyumba na ina watu, tutawagawana.

Na la pili, ambalo baba yako alilijifunza akiwa na suti yake sakafuni. Kabla hujawaambia askari, kabla hujamwambia mchungaji, kabla hujaniambia hata mimi, mwulize mkeo. Juzi kwenye simu ulisema nimeamua, nimepanga, nimeona. Sikumsikia yeye mahali popote. Mtoto yule alimbeba tumboni peke yake. Ukubwa ulionao ni wa kuwaamuru askari, nyumbani kwako unaomba kama watu wengine wanavyoomba. Na anaweza kukukubalia jambo gumu kuliko unavyothubutu kumwomba, lakini atakukubalia akiwa ameulizwa. Asipoulizwa, atatii, na utii wake utakaa kati yenu mezani miaka mingi, mkila nao.

Nimemaliza. Piga magoti, hata kama una nyota begani, piga magoti hapo ulipo. Nyamuhanga aliyewaumba wazee wetu akutangulie katika njia zako. Akuzuie kuukimbia wajibu, na akuzuie kuwatoa wako kafara bila wao kujua. Akupe askari wanaokuamini na mke anayekuamini, na wa pili awe wa kwanza. Akurudishe nyumbani ukiwa mzima, na utakaporudi, akujalie kukuta watoto wanakusikia. Amina. Haya, kata simu hii, umwite mkeo.